Namna ya kuchunguza kifo cha Fausta, mke wa Kaisari Konstantino

Ukimtafuta Fausta mtandaoni, ndani ya dakika tano utakuwa umeshaambiwa yote. Alikuwa mke wa Konstantino Mkuu. Alimtamani mtoto wake wa kambo, akakataliwa, akamsingizia kwa baba yake. Kijana akauawa, ukweli ukajulikana, naye Fausta akafungiwa ndani ya bafu lililochochewa moto mpaka akafa kwa mvuke. Mwaka ni 326. Kisa kimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, na kunyooka huko ndiko kunakotia shaka. Waandishi walioishi karibu na tukio hawakusema hata robo ya hayo, na waliosema mengi walizaliwa wahusika wote wakiwa wameshazikwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa historia, mwalimu, au yeyote anayeandaa makala au kipindi na hataki kuumbuka mbele ya watu. Si lazima ujue Kilatini wala Kigiriki. Vyanzo karibu vyote nitakavyovitaja vina tafsiri za Kiingereza au Kifaransa za kusomwa bure mtandaoni, na vifungu vyenyewe ni vifupi mno, vingine mstari mmoja. Chukua daftari na penseli, kwa sababu utafuta mara nyingi.

Hatua ya 1: Andika kwanza yale yasiyobishaniwa

Yanatosha nusu ukurasa. Flavia Maxima Fausta alikuwa binti wa Kaisari Maximian na mkewe Eutropia. Aliolewa na Konstantino mwaka 307. Mwaka 324 Konstantino alimshinda mwenzake Licinius akabaki mtawala pekee wa dola la Roma. Ndipo Fausta alipopewa cheo cha Augusta, yaani cheo cha juu cha mwanamke wa ikulu, na Helena, mama mzazi wa Konstantino, akapewa hichohicho. Mwaka 326 Crispus, mtoto wa kwanza wa Konstantino aliyezaliwa na mwanamke mwingine, Minervina, aliuawa kwa amri ya baba yake. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus anapataja mahali: Pola, mji wa pwani ya Istria, leo Pula nchini Kroatia.

Baada ya hapo Fausta anatoweka. Kwenye daftari lako andika hivyohivyo, "anatoweka". Usiandike "aliuawa" mpaka ufike hatua ya 4, na neno "bafu" lisionekane kabisa kabla ya hatua hiyohiyo.

Hatua ya 2: Chora ukoo, na uuchore vizuri

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu majina yanafanana na yanachosha. Lakini bila mchoro huu kifo cha Fausta kitaonekana ni ugomvi wa chumbani tu.

Anza na Maximian, baba mkwe. Alimwoza Konstantino binti yake ili kuimarisha muungano wao, kisha mwaka 310 akamgeuka mkwe wake, akashindwa, akafa. Lactantius, mwandishi Mkristo wa siku hizo, anasimulia kwamba Maximian alimwomba Fausta aache mlango wa chumba wazi usiku ili aingie kumuua Konstantino. Fausta akamwambia mumewe, akalazwa towashi kitandani badala yake, na mzee akamuua mtu asiye. Huenda ni hadithi ya kumchafua Maximian, lakini iangalie ilivyompanga Fausta: mke mwaminifu anayemchagua mume dhidi ya baba. Shika hilo.

Mwandike Maxentius, kaka yake Fausta. Alikufa maji katika mto Tiber tarehe 28 Oktoba 312, akipigana na shemeji yake kwenye Daraja la Milvio. Ongeza Licinius, aliyemwoa Constantia, dada wa Konstantino na wifi yake Fausta. Alinyongwa mwaka 325 baada ya kuahidiwa usalama. Mtoto wao, mpwa wa Konstantino, naye aliuawa, bado kijana. Kisha Theodora, dada yake Fausta upande wa Maximian, ambaye ndiye aliyekuwa mke wa pili wa baba yake Konstantino. Kwa hiyo Fausta aliolewa na mtoto wa kambo wa dada yake. Ukishachora mistari yote hiyo, zungushia duara kila jina ambalo Konstantino alihusika na mwisho wake. Utakuta baba mkwe, mashemeji wawili, mpwa, mwana, na labda mke.

Upande wa pili chora watoto. Fausta anatajwa kuwa mama wa Konstantino wa Pili, Constantius wa Pili, Constans, Constantina na Helena mdogo. Crispus, mtoto wa kambo, alikuwa amewatangulia wote kwa umri: alipewa cheo cha kaisari mdogo tarehe 1 Machi 317, akaongoza Gaul (eneo la Ufaransa ya leo na jirani zake), na mwaka 324 meli alizoziongoza ndizo zilizovunja jeshi la majini la Licinius. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama mbele ya watoto wa Fausta kwenye foleni ya urithi. Hapo kuna sababu ya ugomvi isiyohitaji mapenzi hata kidogo.

Hatua ya 3: Kabla ya kusoma vitabu, tazama sarafu na mawe

Hawa ndio mashahidi pekee waliokuwepo. Sarafu za Fausta kama Augusta ni nyingi, na picha zake zinapatikana bila shida kwenye tovuti za makumbusho. Chukua moja na uisome taratibu. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke mwenye nywele za mawimbi zilizofungwa kisogoni, na maandishi FLAV MAX FAVSTA AVG. Ugeuze: mwanamke amesimama, amebeba watoto wachanga wawili kifuani, mmoja kila mkono, na pembeni limeandikwa SALVS REIPVBLICAE, yaani ustawi wa taifa. Nyingine zina SPES REIPVBLICAE, tumaini la taifa. Serikali ilikuwa inawaambia wananchi kwa shaba, mkononi mwa kila muuza samaki, kwamba mama huyu na watoto wake ndio kesho ya dola. Crispus hayumo kwenye picha.

Sarafu hizo zinaanza mwaka 324 na zinakatika 326. Za Crispus nazo zinakatika mwaka huohuo. Za Helena zinaendelea.

Mawe yanasema zaidi. Kwenye maandishi kadhaa ya heshima jina la Fausta limekwanguliwa kwa patasi. Huko Sorrento, kusini mwa Napoli, jiwe lililowekwa kwa ajili yake lilifutwa jina na kuandikwa upya kwa Helena, mama mkwe wake. Hii ndiyo adhabu ya Kirumi ya kufutwa kumbukumbu, na haikutolewa kwa mtu aliyekufa kwa homa. Mtu aliyekufa kwa ajali angezikwa kwa heshima na kutangazwa mtukufu.

Wakati huohuo, jihadhari na picha za ukutani za Trier. Zilipatikana vipandevipande chini ya kanisa kuu la mji huo wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1945 na 1946, na mmoja wa wanawake wenye vito vya thamani ameitwa Fausta na wengine, Helena na wengine tena. Ni picha nzuri sana. Si ushahidi wa kifo cha mtu.

Hatua ya 4: Wapange waandishi kwa umri, kisha uone hadithi inavyonenepa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kata ukurasa safu nne: mwaka wa kuandika, jina, alichosema, alichonyamazia. Safu ya nne ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi hawaichori.

Wa kwanza ni Eusebi wa Kaisarea, aliyefariki mwaka 339. Alimfahamu Konstantino na aliandika maisha yake kwa sifa tele. Crispus hayumo. Fausta hayumo. Mtu mwenye watoto watatu watawala hana mke! Na si kwamba Eusebi hakumjua Crispus: katika Historia ya Kanisa alikuwa amemsifu kama mwana anayefanana na baba yake kwa kila hali, na nakala zilizosahihishwa baadaye zikamwondoa. Ukimya huu si wa kutojua, ni wa kuogopa au wa kupendelea. Mimi nauhesabu kuwa ushahidi mzito kuliko kurasa zote za Zosimus tutakazozifikia.

Karibu na miaka ya 355 na 356, Juliani, ambaye baadaye alikuja kuwa kaisari, alitoa hotuba ya kumsifu Constantius wa Pili, mtoto wa Fausta. Ndani yake anamsifu mama huyo: binti wa kaisari, dada wa kaisari, mke wa kaisari, mama wa makaisari. Alivyokufa, kimya. Wanaoamini kwamba Fausta hakuuawa huishika hotuba hii kwa mikono miwili. Lakini nani angesimama mbele ya kaisari kumkumbusha kwamba baba yako alimuua mama yako?

Mwaka 361 hivi Aurelius Victor anasema mwana mkubwa aliuawa kwa hukumu ya baba yake, "sababu haijulikani". Fausta hamgusi. Hii ni miaka 35 tu baada ya tukio, na mtu mwenye nafasi serikalini anakiri kwamba sababu haijulikani. Weka alama nyekundu hapo.

Karibu na 369, Eutropius ndiye wa kwanza kutamka. Anasema Konstantino aliwaandama jamaa zake: akamuua mwanawe, mtu bora, akamuua mpwa wake, kijana mwenye tabia njema, kisha mkewe, halafu marafiki wengi. Basi. Hakuna bafu, hakuna mapenzi, hakuna Helena. Hapa sasa unaruhusiwa kufuta "anatoweka" na kuandika "aliuawa". Jeromu, mnamo 380, naye anakiweka kifo cha Fausta kwenye orodha yake ya miaka, lakini miaka kadhaa baada ya Crispus, si wakati mmoja. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vitakupa mwaka 328.

Mambo yanageuka mwishoni mwa karne ya 4. Mwandishi asiyejulikana wa muhtasari wa maisha ya makaisari, mnamo 395, anasema Fausta ndiye aliyechochea Crispus auawe, kisha Helena akamlilia mjukuu wake kwa uchungu mpaka Konstantino akamuua mkewe ndani ya bafu la moto. Hapa, miaka 70 hivi baadaye, ndipo bafu linapoingia, na Helena pamoja nalo. Lakini kwa kipindi hichohicho Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya taabu za watawala, anamtaja kaisari mmoja bila jina aliyemshuku mkewe uzinzi, akamfunga uchi mlimani aliwe na wanyama, ingawa alikuwa amemzalia wafalme. Anayemlenga ni dhahiri. Kumbe watu wa kizazi kilekile walikuwa na vifo viwili tofauti kabisa vya mwanamke mmoja.

Miaka ya 425 mpaka 433, Philostorgius: Fausta alimsingizia Crispus, kisha yeye mwenyewe akafumaniwa na tarishi wa ikulu, akaamriwa afishwe kwa joto la bafu. Mnamo mwaka 500, Zosimus: Crispus alishukiwa kuwa na uhusiano na Fausta, akauawa, Helena alipohuzunika, mwanawe akamfariji kwa kutibu ubaya kwa ubaya mkubwa zaidi, bafu likapashwa kupita kiasi, Fausta akafungiwa, akatolewa maiti. Karne ya 12, Zonaras: Fausta alimpenda Crispus kwa wazimu, akakataliwa, akamsingizia. Hicho ndicho kisa ulichokisoma mtandaoni dakika ya kwanza. Kilichukua karibu miaka 800 kukomaa.

Hatua ya 5: Mhoji kila shahidi anamchukia nani

Usitumie muda mwingi hapa, maswali mawili yanatosha kwa kila mtu: alikuwa upande gani, na hadithi yake inamfaidi nani. Eusebi alikuwa askofu aliyeshukuru kupata mtawala Mkristo. Philostorgius alikuwa wa kundi lililohesabiwa uzushi. Eutropius hana chuki ya wazi, na ndiyo sababu mstari wake mfupi una uzito.

Zosimus ndiye wa kukaa naye. Alikuwa mfuasi wa dini ya zamani ya Kirumi na aliona dola imeporomoka kwa sababu ya Ukristo. Kifo cha Fausta kwake ni daraja tu: baada ya mauaji hayo Konstantino anawaendea makuhani kuomba atakaswe, wanamwambia hakuna utakaso wa dhambi kama hizo, ndipo Mmisri mmoja aliyetoka Hispania anamwambia kwamba Wakristo husamehe lolote. Hapo anaongoka. Kisa kitamu, ila tarehe zinamkataa: Konstantino alishakuwa upande wa Wakristo tangu 312, na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, aliuitisha mwaka 325, mwaka mmoja kabla ya damu hiyo. Sozomeno, mwanahistoria wa Kanisa, alishaijibu hoja hii katika karne ya 5, kabla hata Zosimus hajaiandika, akionyesha kwamba sheria za kuwapendelea Wakristo zilitoka Crispus akiwa hai na jina lake limo.

Kuna na jingine ambalo wengi hawalioni kwa sababu hawasomi kurasa kumi mbele. Zosimus huyohuyo, alipofika kwenye watoto watatu waliorithi, anasema hawakuzaliwa na Fausta bali na mwanamke mwingine ambaye Konstantino alimshtaki uzinzi na kumuua. Basi ni wake wangapi waliouawa kwa uzinzi? Alikuwa na masimulizi mawili mezani, akayatumia yote bila kuyapatanisha. Ukimnukuu kwenye makala yako, nukuu na kifungu hicho.

Hatua ya 6: Lipime bafu

Anza na fizikia. Bafu la kifahari la Kirumi lilikuwa na sakafu iliyokaa juu ya nguzo fupi za matofali. Hewa ya moto kutoka tanuri ilipita chini ya sakafu na kupanda ndani ya kuta kwa matofali yenye tundu. Jengo zito namna hiyo halipati joto haraka wala halipoi haraka. Kulifikisha kwenye joto la kuua huhitaji saa nyingi, kuni nyingi, na watumwa wa kuchochea wasiouliza swali. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho kukauka. Kwenye hewa iliyojaa mvuke jasho halikauki, joto la ndani linapita nyuzi 40, mtu anachanganyikiwa, anazimia, na asipotolewa anakufa. Kwa hiyo inawezekana. Ila ikitokea hivyo ni mpango, si hasira za ghafla, na inahitaji mlango uliofungwa kwa nje.

Kisha uliza swali la pili, ambalo ni muhimu zaidi: ni nani mwingine aliyekufa hivi kwenye vitabu vya Kirumi? Fungua kitabu cha mwanahistoria Tacitus, mwaka 62. Octavia, mke wa Kaisari Nero aliyetalikiwa na kusingiziwa uzinzi, anapelekwa kisiwa cha Pandateria. Wanamfunga, wanamkata mishipa, damu inatoka polepole kwa sababu ya hofu, basi wanammalizia kwa mvuke wa bafu la moto sana. Miaka mitatu baadaye mwanafalsafa Seneca, naye kwa amri ya Nero, anaishia kwenye mvuke wa bafu. Msomaji wa Kirumi aliyesoma shule alipoambiwa "bafu la moto" na "mke wa kaisari" kwa pumzi moja, jina la Nero lilimjia lenyewe.

Na hapa kuna kipande kidogo ambacho nakipenda kuliko vyote katika kesi hii. Sidonius Apollinaris, askofu wa Gaul katika karne ya 5, anasimulia kwamba Ablabius, afisa mkubwa wa Konstantino mwenyewe, alibandika kwa siri mistari miwili kwenye milango ya ikulu. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Nani ana haja tena na zama za dhahabu za Saturnus?*
*Hizi zetu ni za vito, ila ni za Nero.*

Sidonius anaongeza kwamba mistari hiyo ililenga kifo cha Fausta kwa joto la bafu na cha Crispus kwa sumu. Soma tena mistari yenyewe: bafu halimo. Fausta hayumo. Kuna Nero tu. Maelezo ya bafu ni ya Sidonius, miaka 140 na zaidi baadaye. Kama mistari hiyo kweli ni ya siku zile, inathibitisha kwamba watu wa ikulu walinong'ona juu ya damu ndani ya familia. Na inatupa njia moja ambayo bafu lingeweza kuzaliwa: mtu anaitwa Nero, kisha msimulizi anayefuata anampa njia ya kuua ya Nero.

Mimi sisemi bafu ni uongo. Nasema limetokea kwa mara ya kwanza miaka 70 baada ya maziko, linafanana mno na kisa kilichokuwa kwenye vitabu vya shule, na lina mpinzani wake, mlima wa Krisostomo. Liandike "inawezekana".

Hatua ya 7: Pima kisa cha mapenzi

Hatua hii ni fupi. Mke wa mwenye nyumba anamtamani kijana, anakataliwa, anapiga kelele kwamba kashambuliwa: msomaji wa Kiswahili anakijua kisa hiki tangu utotoni, kwa Nabii Yusufu na mke wa mkubwa wa Misri, ukikisoma katika Mwanzo au katika Sura Yusuf. Wagiriki na Warumi walikuwa na chao, cha Phaedra na mtoto wake wa kambo Hippolytus, na Euripides alikipandisha jukwaani mwaka 428 kabla ya Kristo. Zonaras alikuwa na kiolezo tayari. Ukichomoa majina ya Fausta na Crispus hakibaki kitu cha mwaka 326 ndani yake.

Wanaotetea uzinzi huleta ushahidi mmoja wa maana: tarehe 25 Aprili 326 Konstantino alitoa sheria iliyobana haki ya kumshtaki mwanamke kwa uzinzi, ibaki kwa mume na ndugu wa karibu. Tarehe inavutia. Lakini sheria hiyo inasema ndoa zilikuwa zinachafuliwa na washtaki wa nje, yaani inawalinda wake dhidi ya fitina. Unaweza kuigeuza upande wowote uutakao, na ushahidi unaogeuka hivyo hausaidii.

Angalia na ramani. Kwa miaka mingi Crispus alikaa Trier, huku ikulu ya Konstantino na Fausta ikihamahama kwenye miji ya Balkani. Mwaka 326 wenyewe msafara uko Aquileia mwezi Aprili, karibu na Pola, na Julai uko Roma kusherehekea miaka 20 ya utawala. Zosimus anaanzisha mauaji baada ya kuingia Roma. Pola inasema vingine.

Hatua ya 8: Sikiliza wasomi wa sasa, lakini kwa mpangilio

Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, katika karne ya 18, alisita kukubali kwamba Fausta aliuawa, kwa sababu kuna hotuba ya maombolezo iliyoonyesha mama huyo yu hai mwaka 340 akimlilia mwanawe. Baadaye ikagundulika kwamba hotuba hiyo ni ya mtu mwingine kabisa, wa siku za mwisho za Konstantinopoli. Ukikuta mtu anaitumia leo, ujue amenakili kitabu cha zamani sana.

Mwaka 1998 mwanahistoria David Woods alileta nadharia iliyoshtua: Fausta hakuwa anauawa, alikuwa anajaribu kutoa mimba. Hoja yake ni kwamba Soranus, tabibu wa Efeso, anataja mabafu ya moto miongoni mwa njia za kutoa mimba, na kwamba bafu ni njia ya ajabu mno ya kumuua mtu rasmi. Swali ni zuri: kweli, kwa nini bafu, wakati upanga na sumu vipo? Jibu linahitaji mambo mengi yawe kweli kwa pamoja: mimba, tena isiyo ya mume, tena iliyojulikana. Na linasimama juu ya bafu lilelile la mwaka 395. Mimi naiweka kwenye rafu ya dhana za kuvutia.

Iliyobaki ni ile ya siasa, na huko ndiko ninakoegemea. Crispus alikuwa na jeshi lililomfahamu na ushindi wa 324. Fausta alikuwa na watoto watatu wa kiume na damu ya Maximian. Mmoja alipoangushwa, aliyeonekana kunufaika akabebeshwa lawama. Helena na wafuasi wa kijana walikuwa na kila sababu ya kuzisukuma. Je, Fausta kweli alimchongea? Inawezekana sana. Lakini Aurelius Victor aliyeandika "sababu haijulikani" alikuwa karibu na jibu kuliko sisi, na hakulipata.

Hatua ya 9: Andika hukumu yako kwa madaraja

Usichanganye uzito. Tumia sentensi tofauti kwa kila daraja, na kila sentensi ibebe jina la shahidi wake. Mfano unaoweza kuuchukua na kuurekebisha:

"Fausta alitoweka mwaka 326 au muda mfupi baadaye, na jina lake likafutwa kwenye mawe. Eutropius, aliyeandika mnamo 369, anasema aliuawa na mumewe. Kuanzia mwisho wa karne ya 4 baadhi ya waandishi wanasema alifia bafuni, ingawa Krisostomo anasimulia kifo kingine. Habari za mapenzi kati yake na Crispus zinatoka kwa waandishi wa baadaye zaidi."

Kama ni kipindi cha sauti au video, mtazamaji atataka bafu. Mpe, lakini mwambie kwanza mwaka lilipoandikwa. Na kwenye kichwa cha habari epuka "ukweli uliofichwa". Hakuna kilichofichwa, vifungu vyote vipo hadharani.

Ukiimaliza hii na bado una hamu, tumia safu zilezile nne kwa Poppaea Sabina, mke mwingine wa Nero, aliyekufa mwaka 65 akiwa mjamzito. Tacitus anasema Nero alimpiga teke kwa hasira, na anakataa habari za sumu zilizoandikwa na wengine. Cassius Dio anaacha wazi kama lilikuwa teke la makusudi au la bahati mbaya. Kabla hujaamini teke, tafuta habari za Periander wa Korintho na Cambyses wa Uajemi na wake zao wajawazito, halafu rudi kwenye hatua ya 6.